Sururu alishika nani? Maneno machache kuhusu barabara ya Mombo–Lushoto

Haya jamani, nimerudi mjini salama. Wiki nzima nilikuwa Lushoto kwa bibi, na kama kawaida yangu nimerudi na maneno. Leo ni marefu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na bosi yuko karibu, subiri jioni.

Kwa ambaye hajawahi kufika: ukitoka Dar kwa barabara ya kwenda Arusha, ukishapita Korogwe unafika Mombo. Joto la pale ni lile lile la Tanga, na wauza matunda wanakimbilia madirisha ya basi. Hapo unakata kulia, na katika kilomita 33 hivi unapanda karibu mita 1,000. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo na mto unanguruma chini. Kila kona dereva anapiga honi, maana huwezi kujua kama kuna lori la kabichi linashuka. Ukifika Soni, penye maporomoko ya maji, unaanza kutafuta sweta. Mimi nimezaliwa na kukulia Dar, lakini kila nikifika pale nakumbuka kwamba damu yangu ni ya baridi.

Safari hii nilikwenda na rafiki yangu ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza. Kuanzia Mombo simu ilikuwa nje ya dirisha anapiga picha. Tulipofika kwenye zile kona kali akashindwa kujizuia: "Wajerumani bwana! Hawa watu walijua kujenga." Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu na kikapu chake akageuka taratibu. "Mwanangu," akasema, "wewe umeshamwona Mjerumani ameshika sururu?" Kosta nzima ikaangua kicheko, na rafiki yangu akarudisha simu mfukoni. Mimi nilicheka pia, lakini swali likanikaa kichwani wiki nzima. Tangu nikiwa mdogo nami nimekuwa nikisema hivyo hivyo, barabara ya Wajerumani.

Kwanza tuelewane: milima hii ilikuwa na njia kabla ya kuwa na barabara. Wasambaa waliigawa dunia yao sehemu mbili. Juu ni Shambaai, kwenye ndizi, maji na usalama. Chini ni nyika, kwenye homa, ukame na wavamizi. Mlima wenyewe ulikuwa ngome. Makao ya mfalme yalikuwa Vuga, huko juu, si mbali na Soni, na Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka pale mpaka alipofariki mwaka 1862, sauti yake ikisikika hadi kuelekea pwani ya Pangani na Tanga. Mmisionari Krapf alikwenda kumwona mwaka 1848. Burton na Speke walikwenda mwaka 1857, kabla hawajajulikana kwa habari za Tanganyika na Nyanza. Wote walipanda kwa miguu wakihema. Napenda sana kuiwazia picha hiyo: mgeni anafika kwa mfalme akiwa hana pumzi ya kujieleza.

Mtu aliyevunja mpango huo hakuwa Mzungu. Alikuwa mtoto wa Kimweri mwenyewe, Semboja. Yeye alikaa Mazinde, chini kabisa, si mbali na Mombo ya leo, kwa sababu ndipo ilipopita misafara ya biashara kutoka Pangani kwenda bara. Pembe za ndovu, watumwa, na kwa upande wa pili bunduki na baruti. Baba yake alipokufa, kiti cha Vuga alikipata mjukuu wa Kimweri, Shekulwavu. Semboja akatumia bunduki zake na washirika wake kumfukuza. Sasa sikiliza alichofanya baada ya kushinda: hakuhamia Vuga! Alimweka mwanawe pale awe mfalme, yeye mwenyewe akabaki Mazinde. Yaani ikulu ilibaki mlimani, hela ikahamia njiani. Na katika vurugu za miaka ile Wasambaa wengi walikamatwa na kuuzwa, wakashushwa kwa njia zile zile zilizokuwa zinawalinda. Hili hatulisemi sana kwenye vikao vya ukoo, na mimi nadhani tulipaswa kulisema.

Ndipo wakaja Wajerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mfalme aliyekuwa Vuga, na mwaka huo huo Semboja naye akafariki. Reli kutoka Tanga ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1893, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikafika Mombo. Lakini wao hawakutaka kukaa Mombo. Walitaka baridi, ardhi ya kahawa na mboga, na mahali pa kukimbilia homa za pwani. Mji wakaujenga juu, wakauita Wilhelmsthal, jina la Kaiser wao. Ndiyo Lushoto ya leo.

Hapa ndipo penye kona za rafiki yangu. Njia ya mguu haina haja ya kona nyingi. Mtu anaweza kupanda moja kwa moja, akichoka anapumzika chini ya mti. Gurudumu halina uwezo huo. Gurudumu linataka mwinuko wa pole, kwa hiyo mlima ukiwa mkali inabidi barabara iuzunguke, ijikunje, irudi ilikotoka, ipande tena. Mwenye vipimo na karatasi anachora mstari mmoja, basi. Lakini kila kona ile maana yake ni mwamba wa kuchimbwa, udongo wa kubebwa na ukuta wa mawe wa kupangwa. Kwa mikono ya nani?

Walowezi walikuwa na tatizo moja kubwa: Msambaa hakuwa na sababu ya kuwafanyia kazi. Alikuwa na shamba lake na migomba yake. Vibarua wengi wa mashamba ya Wazungu walitoka mbali, Unyamwezi na Usukuma. Basi mwaka 1907, wakati vita vya Maji Maji vinazimwa kule kusini, wilaya ya Wilhelmsthal ikaja na mtindo wa kadi. Kila mwanaume mzima alipewa kadi, na kadi ile ilimtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Piga hesabu mwenyewe: siku 90 kwa mwaka, robo ya maisha yako. Asiyejaza kadi alichukuliwa kwenye kazi za serikali. Na katika wilaya ya milima mikali hivi, uniambie kazi za serikali zilikuwa zipi kama si kuchimba na kutengeneza barabara.

Kinachonichekesha, cheko la uchungu, ni magogo. Kule Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa inakata mierezi, ikaweka waya wa kuning'inia kutoka mlimani mpaka Mkumbara, kwenye reli. Mbao zikawa zinashuka kwa hewa, hazigusi ardhi. Gogo lilipata usafiri wa kisasa wakati mwenye mlima anatembea na kadi.

Nilimuuliza bibi. Yeye ana miaka themanini na kitu, na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Alisema babu yake yeye alijaza kadi, alifanya kazi kwenye shamba la kahawa akarudi nyumbani. Mdogo wake babu huyo ndiye aliyekataa. Alijificha msituni, akapatikana, akapelekwa barabarani. Alirudi anachechemea, na ndivyo alivyotembea mpaka kufa. Hakuna mahali ilipoandikwa hadithi hii, na siwezi kukuonyesha kona aliyochimba. Nilimuuliza bibi jina lake, akafikiri kwa muda, akasema, "Sisi tulimwita babu wa mguu."

Waingereza waliuteka mji mwaka 1916 na jina la Kaiser likaondoka. Amri hazikuondoka. Kuanzia mwaka 1946 ukaja mpango wa kuzuia mmomonyoko, ulioanzia Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye mashamba yao wenyewe. Hayo bibi hakuhadithiwa, aliyaona. Mama yake alikuwa anarudi jioni mgongo umekufa. Watu waligoma, wakachukia, na kabla ya uhuru serikali ikalazimika kuachana nayo. Nikamwambia bibi huenda wataalamu walikuwa na hoja, udongo kweli ulikuwa unakwenda na maji. Akanijibu, "Hoja walikuwa nayo. Jembe walitupa sisi."

Jumapili tukashuka. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kubwa, na kona moja chini ya Soni mawe yalikuwa yameanguka, nusu ya njia imezibwa. Hatukukuta katapila wala gari la serikali. Walikuwepo vijana wanne wa hapo hapo, na sururu mbili na chepeo moja, wanasukuma mawe korongoni. Magari yalipita moja moja. Dereva wetu alipunguza mwendo, akatoa mkono dirishani na noti ya shilingi elfu mbili. Rafiki yangu akainua simu kupiga picha, na mmoja wao akamwona. "Kaka," akasema, "picha siyo tatizo, ila na wewe toa ya soda." Akatoa.