Baiskeli ya Mbio ya Bei ya Kati: Historia Inakwambia Ulipie Nini

Tuseme umedunduliza hela mwaka mzima. Umeruka soda, umekataa michango miwili mitatu ya harusi, na sasa unataka baiskeli ya mbio: ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo na tairi nyembamba. Unaanza kutafuta, na kichwa kinauma. Moja inauzwa dola 600, nyingine 1,500, nyingine 12,000. Ukisimama hatua kumi kutoka zilipo, zote ni baiskeli tu. Ununue ipi?

Mimi nilishateleza hapo. Miaka michache iliyopita nilinunua baiskeli ya mtumba ya kaboni kwa sababu moja: niliinyanyua kwa vidole viwili ikanyanyuka. Haikumaliza miezi mitatu. Chini ya stika moja ya urembo, karibu na mahali nguzo ya kiti inapoingia kwenye fremu, palikuwa na ufa. Hela yote ikaenda na maji. Na aibu kubwa zaidi ni kwamba nasomea uhandisi wa vifaa. Kweli mganga hajigangi.

Baada ya hasira kupoa nikaanza kusoma historia ya baiskeli, nikagundua kitu ambacho ningekijua mapema ningeokoa pesa yangu. Baiskeli ya bei ya kati siyo baiskeli nzuri iliyopunguzwa ubora. Ni baiskeli ya bingwa wa miaka kadhaa iliyopita, iliyoshuka bei. Ukijua kilichoshuka, na kwa nini kilishuka, unajua cha kulipia. Twende taratibu.

Umbo liliamuliwa zamani

Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Kabla yake, baiskeli ya haraka ilikuwa na gurudumu la mbele kubwa kama mlango, na ukianguka unaanguka kutoka juu. Starley aliweka magurudumu yanayokaribiana ukubwa, akatumia cheni kuzungusha la nyuma. Cheni ndiyo siri: kwa kuwa pedeli inazungusha gia kubwa na gurudumu lina gia ndogo, huhitaji tena gurudumu la kutisha ili uende kasi.

Miaka 3 baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akatengeneza tairi la hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ndani ya muda mfupi tairi hilo likawa linashinda mbio.

Ukiweka hayo mawili pamoja, cheni ya nyuma na tairi la hewa, unapata karibu baiskeli yote ya leo. Somo la kwanza basi: vitu viwili vinavyobadilisha safari yako kuliko vyote, yaani umbo linalokutosha na tairi zuri, vina zaidi ya miaka 130. Hakuna mwenye haki ya kukutoza bei ya maajabu kwa ajili yake.

Mzee aliyekataza gia

Hapa ndipo hadithi inaponoga. Mbio za Tour de France zilianza 1903 chini ya Henri Desgrange. Ungedhani mbio kubwa kuliko zote ndizo zilizoleta gia. Wapi! Desgrange aliamini ushindi ni wa misuli, siyo wa mashine, na kihamisha-gia, kile kifaa cha nyuma kinachosukuma cheni kutoka gia moja kwenda nyingine, kilikatazwa kwenye Tour mpaka 1937.

Wachezaji walifanyaje kwenye milima ya Alps? Gurudumu la nyuma lilikuwa na gia moja kila upande. Ukifika chini ya mlima unashuka, unalegeza nati, unaligeuza gurudumu, unakaza, unapanda. Ukifika kileleni unarudia. Inasimuliwa kwamba Tullio Campagnolo, mwendesha mbio wa Italia, alikwama kwenye mlima wenye baridi mwaka 1927 kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi asiweze kufungua nati. Iwe hadithi hiyo imetiwa chumvi au la, mwaka 1930 alikuwa na mkono mdogo wa kukazia gurudumu: unauvuta, gurudumu linatoka, bila spana. Jina lake likaja kuwa kampuni kubwa.

Wakati huohuo raia wa kawaida wa Ufaransa, watu wa matembezi ya Jumapili, walikuwa wakifurahia gia miaka mingi kabla ya mabingwa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne alizipigia debe tangu mwanzoni mwa karne ya 20, akichekwa na watu wa mbio. Mwaka ziliporuhusiwa, 1937, Roger Lapébie akashinda Tour akiwa nazo, na mjadala ukaisha.

Somo la pili: baiskeli ya bingwa si lazima iwe baiskeli yako. Bingwa anapanda mlima na gia ngumu kwa sababu ana mapafu ya bingwa. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa barani Afrika, wanaume walikimbia kilomita 267.5, kupanda na kushuka vilima vya jiji hilo hadi wengi wakaacha njiani. Ukiishi Kigali, Mbeya, Lushoto au Limuru, hivyo vilima ndivyo njia yako ya kila siku. Hesabu meno kabla ya kununua. Gia ndogo ya mbele iwe na meno 34, na kubwa kabisa ya nyuma iwe na 32 au 34. Ikiwa 34 kwa 34, pedeli ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja, na goti lako litakushukuru. Baiskeli za zamani zenye 39 mbele na 25 nyuma zinapendeza kwenye picha, ila mlimani utashuka usukume.

Hataza iliyoisha na mlio wa "klik"

Sasa tuvuke kwenda Japani. Katika mji wa Sakai, wenye sifa ya karne nyingi ya uhunzi, Shozaburo Shimano alifungua karakana mwaka 1921 na kuanza kutengeneza friwili. Lakini ujanja mkubwa wa gia za kisasa ulitoka kwa mshindani wake, Suntour. Mwaka 1964 Suntour walisajili hataza ya kihamisha-gia kinachotembea kwa mshazari. Cheni ikienda kwenye gia kubwa, kifaa nacho kinashuka kidogo, kwa hiyo umbali kati yake na meno unabaki karibu uleule. Matokeo: gia zinaingia vizuri. Kilikuwa cha bei nafuu, na kilifanya kazi vizuri kuliko vya Ulaya vilivyouzwa ghali.

Hataza ina mwisho. Ilipofika 1984 ulinzi huo uliisha, na mwaka huohuo Shimano wakatoa Dura-Ace mpya yenye mshazari huo pamoja na jambo jingine: mlio wa klik. Kabla ya hapo, kubadili gia ulikuwa unaachia mkono mmoja, unasukuma kijiti kwenye fremu, unasikiliza kama cheni imekaa. Sasa klik moja, gia moja. Mwaka 1990 wakahamishia ubadilishaji ndani ya vishikio vya breki, mikono haiondoki tena kwenye usukani. Suntour, wenye wazo la awali, wakapoteza soko.

Dura-Ace ndiyo seti ya juu kabisa ya Shimano. Chini yake kuna Ultegra, kisha 105, iliyoanza 1982. Hii 105 ndiyo roho ya bei ya kati. Itazame historia yake:

- Klik za 1984 zilifika kwenye 105 kabla ya muongo kuisha.
- Gia za umeme zilianza na Dura-Ace mwaka 2009. Zilifika 105 mwaka 2022: miaka 13.
- Gia 12 za nyuma zilianza na Dura-Ace mwaka 2021. Toleo la 105 la waya lilizipata 2023: miaka 2 tu.

Unaona jambo hilo? Kitu kipya kinazaliwa juu, wanaotaka kuwa wa kwanza wanalipia gharama ya utafiti, halafu kinashuka. Somo la tatu: subira inalipa. Gia za 105 za waya, au za Tiagra iliyo chini yake, zinakupa kazi ileile ambayo bingwa wa jana aliifurahia. Kinachopungua ni gramu, siyo uwezo. Na waya ukikatika safarini, fundi wa karibu anaweza kukusaidia. Umeme ukigoma, utamwambia nini?

Kiwanda kimoja, majina mengi

Kampuni ya Giant ilianzishwa Taiwan mwaka 1972. Mwanzoni ilitengeneza baiskeli zilizobandikwa majina ya wengine. Mteja wake mkubwa alikuwa Schwinn, jina la kujivunia Marekani. Wafanyakazi wa kiwanda cha Schwinn cha Chicago walipogoma mwaka 1980, kazi nyingi ikahamia Taiwan. Kumbe ndiko ujuzi nao ulikohamia. Schwinn ikafilisika 1992. Giant, iliyokuwa imeanza kuuza kwa jina lake, ikawa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za baiskeli duniani.

Miaka ya 1990 Giant ilifanya kazi na Mwingereza Mike Burrows, aliyekuwa nyuma ya baiskeli ya ajabu ambayo Chris Boardman alishindia dhahabu ya Olimpiki ya Barcelona 1992. Burrows akabuni TCR: bomba la juu la fremu linateremka kuelekea kiti. Fremu ikawa ndogo na ngumu. Kiwandani ikawa na faida nyingine. Badala ya kutengeneza saizi nyingi zilizokaribiana, ungeweza kutoa chache, kisha urefu ukarekebishwa kwa nguzo ya kiti na shingo ya usukani. Saizi chache, gharama ndogo. Leo karibu kila baiskeli ya mbio ya bei ya kati ina bomba hilo lililoteremka.

Somo la nne lina sura mbili. Kwanza, jina lililobandikwa kwenye fremu halikwambii sana ilipotoka, hivyo usilipie stika. (Niulize mimi kuhusu stika.) Pili, saizi chache maana yake ni lazima uwe mkali kwenye vipimo. Baiskeli isiyokutosha ni ghali hata ukipewa bure.

Ugonjwa wa gramu

Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliweka kikomo mwaka 2000: baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Bado watu wanalipa maelfu ya dola kuukaribia uzito huo. Tupige hesabu pamoja.

Una kilo 70. Baiskeli ya alumini ina kilo 10, ya kaboni ya bei mbaya ina kilo 8. Jumla ni 80 kwa 78, tofauti ya asilimia 2.5. Kwenye mlima mkali unaokuchukua dakika 40, tofauti hiyo ni kama dakika 1. Kwenye tambarare, karibu hakuna kitu, kwa sababu pale adui ni upepo, na ukuta unaopigwa na upepo ni mwili wako zaidi ya baiskeli. Kuinamisha mgongo ni bure.

Dakika moja kwa bingwa ni taji. Kwako wewe ni muda wa kunywa maji.

Basi ulipie nini?

Ninaposema bei ya kati nina maana ya dola 1,000 hadi 2,000 kwa mpya, na chini ya hapo kwa mtumba uliotunzwa. Ni hela nyingi kwa mwanafunzi, ndiyo maana mpangilio ni muhimu.

Kwanza, saizi. Pili, nafasi ya tairi: fremu ipokee tairi la milimita 30 au 32. Zamani kidogo mabingwa walipanda 23, lakini leo hata wao wameenda kwenye 28 na kuendelea, na barabara zetu za matuta na kokoto zinadai zaidi. Tatu, gia za mlima kama tulivyohesabu. Nne, breki za diski zikipatikana, ambazo UCI iliziruhusu rasmi kwenye mbio za barabarani 2018. Kaboni iwe ya mwisho kwenye orodha.

Ukinunua mtumba, beba rula na sarafu. Rula ni ya cheni: pini hadi pini, vipande 24 vya cheni mpya ni milimita 304.8. Ikikaribia 307 imechoka, na huenda imekula meno ya gia pia, kwa hiyo shusha bei. Sarafu ni ya kaboni: gonga taratibu fremu nzima. Mlio mkali uliogeuka ghafla kuwa mzito ni dalili mbaya. Na stika yoyote iliyokaa mahali pa ajabu, omba ibanduliwe. Muuzaji akikataa, muage kwa heshima uende zako.

Baiskeli yangu ya sasa ni ya alumini, gia za waya, kilo 10 na kidogo. Haiinuki kwa vidole viwili. Ila kila asubuhi ninapopanda kilima cha kwenda maabara, natumia kazi ya Starley, Dunlop, Suntour na Burrows kwa mpigo mmoja, na sijalipia stika hata moja.