Tone la damu kisiginoni laweza kuokoa ubongo wa mtoto

MTOTO anaweza kuzaliwa katika hospitali kuu ya Meru au ya Embu akiwa na uzito wa kutosha, akalia na kunyonya vyema, ilhali amebeba maradhi yatakayomharibu ubongo kabla hajatimiza mwaka.

Hayo ni maradhi adimu ya kurithi yanayouzuia mwili kutumia chakula ipasavyo. Kimeng'enya fulani hukosekana, na sumu ikajikusanya katika damu. Mara nyingi wazazi wote wawili ni wazima, lakini kila mmoja ana jeni moja yenye kasoro. Katika kila mimba yao, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni 1 kati ya 4. Si laana, wala si kosa la mama.

Mmojawapo, fenilketonuria, ulitambuliwa nchini Norway mwaka wa 1934 na daktari Asbjørn Følling. Miaka ya 1960 mwanasayansi Mmarekani Robert Guthrie alivumbua kipimo chake: kisigino hudungwa, matone machache yakakaushwa juu ya karatasi maalumu. Anayegunduliwa mapema hupewa lishe maalumu, na ubongo wake ukanusurika.

Katika galaktosemia, hata maziwa ya mama hudhuru ini na kusababisha mtoto wa jicho. Karatasi iyo hiyo hufichua upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ambao si lazima urithiwe. Huo humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000 duniani, na hutibiwa kwa tembe za bei nafuu.

Kenya haina mpango wa kitaifa wa kuwapima watoto wote maradhi haya. Hata hivyo, mbinu yenyewe si ngeni: kliniki hutumia karatasi kama hiyo kuwapima virusi vya Ukimwi watoto wa akina mama walioambukizwa, kwa kawaida katika wiki ya 6. Kwa maradhi haya, wiki ya 6 ni kuchelewa. Damu hufaa kutolewa kati ya siku ya 2 na ya 5, wakati ambapo akina mama wengi wamekwisha kurejea nyumbani.

Hadi mpango huo uanzishwe, ulinzi ni macho ya mzazi. Mtoto anayekataa kunyonya, anayetapika mfululizo, aliyelegea, anayepatwa na kifafa au ambaye macho yake yanabaki ya manjano baada ya wiki 2 apelekwe hospitalini bila kukawia. Mzazi aliyewahi kufiwa na mtoto mchanga kwa njia isiyoeleweka amjulishe daktari kabla ya kujifungua tena.