Mwelekeo wa nuru hubadilisha sura ya vitu

NTA ya mshumaa, maziwa, marumaru, jani bichi na ngozi ya binadamu vina sifa moja: nuru hupenya ndani yake, lakini haipiti moja kwa moja jinsi inavyopita kwenye kioo cha dirisha.

Nuru ikishaingia, hugongana na chembechembe za ndani, ikatawanyika kila upande, kisha sehemu yake ikatokea mbali na pale ilipoingilia. Ndiyo maana mtu akifunika tochi kwa kiganja gizani, nyama ya vidole huwaka rangi nyekundu ilhali umbo la mifupa halionekani.

Jicho haliwezi kupima mtawanyiko huo. Ubongo hukisia tu, kwa kulinganisha palipo na mwanga na palipo na kivuli. Taa ikihamishwa, makisio nayo hubadilika.

Utafiti wa Bei Xiao na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 2014 katika jarida la Journal of Vision, ulitumia picha zilizoundwa kwa kompyuta. Ulibainisha kuwa nuru ikitoka nyuma ya kitu, watu aghalabu hukiona kinapenyeza nuru zaidi kuliko inapotoka mbele, hata kama kitu chenyewe ni kile kile.

Mfano mashuhuri ni kikombe cha Lycurgus, kilichotengenezwa na Warumi katika karne ya 4 na ambacho sasa kimo katika makavazi ya British Museum, London. Kikimulikwa kutoka mbele, huonekana cha kijani kibichi, kizito kama jiwe. Kikimulikwa kutoka nyuma, hugeuka chekundu kama damu. Siri yake ni chembe ndogo mno za dhahabu na fedha zilizomo kwenye kioo chake.

Kwa sababu hiyo, anayenunua kito au pambo la jiwe hana budi kulitazama mara mbili: nuru ikiwa mbele, kisha ikiwa nyuma.

Wafugaji wa kuku hutumia kanuni iyo hiyo. Yai likitazamwa mchana mezani, ganda huficha yote. Likishikwa mbele ya taa katika chumba chenye giza, nyufa hujitokeza, na ukubwa wa nafasi ya hewa hudokeza umri wake. Baada ya takriban siku 7 za kuatamiwa, yai lenye kifaranga huonyesha mishipa ya damu, ilhali lisilo nacho hubaki jeupe, nalo huondolewa.