Harimu ya Kisima: Historia ya Maji Tunayokunywa Visiwani



Msimu wa harusi umeingia tena, na wengi wenu mnatuuliza juu ya singo, liwa, hina na udi. Tutayafikia, inshaAllah. Leo tunaomba mtuvumilie tuzungumze juu ya kitu ambacho vyote hivyo vinakitegemea, nacho ni maji. Singo huoshwa kwa maji, udhu na josho ni kwa maji, na uji wa mtoto utakayemzaa utapikwa kwa maji.

Hivi karibuni tulimsindikiza mwenzetu mmoja kwenda kuiangalia nyumba anayojengewa na mchumba wake. Nyumba nzuri mashaAllah, ila kiwanja ni kidogo. Uwani fundi akatuonesha kwa furaha kisima kipya kilichochimbwa kwa mashine. Hatua kumi hivi kutoka hapo akatuonesha karo la choo. Tukasifu. Bibi mmoja mtu mzima tuliyefuatana naye ndiye pekee aliyeuliza: "Na harimu ya kisima iko wapi, mwanangu?" Fundi akacheka akidhani bibi anatania, na kusema kweli hata sisi hatukujua anauliza nini. Tulirudi nyumbani tukaanza kusoma na kuuliza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Neno tulilolisahau

Harimu inatoka kwenye mzizi mmoja na haramu, maharimu na ihramu. Maana yake ni kitu kilichowekewa mpaka, kisichoingiliwa. Katika fikihi, harimu ya kisima ni ile ardhi inayokizunguka ambayo haiguswi ila kwa manufaa ya kisima chenyewe. Ipo hadithi katika Sunan Ibn Majah inayompa mwenye kuchimba kisima dhiraa 40 kukizunguka, pawe mahali pa kupumzisha wanyama wake. Hiyo ni kama mita 20. Mafakihi walitofautiana katika kipimo. Wanazuoni wa Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa visiwani, waliangalia zaidi haja ya kisima chenyewe na madhara yanayoweza kukipata.

Walijadili hata jambo lililotushangaza lilivyo la leo: mtu akichimba choo ndani ya ardhi yake mwenyewe, na choo hicho kikaharibu kisima cha jirani, azuiwe au aachwe? Katika madhehebu ya Maliki alizuiwa. Suala hili basi halikuletwa na wataalamu wa juzi. Na Mtume wetu (S.A.W.) alikwisha kukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na akaonya vikali dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji, njiani, na penye kivuli wanachopumzikia.

Mji uliokunywa katika mashimo yake

Karne ya 19 Mji Mkongwe ulikuwa tajiri wa karafuu na pembe za ndovu, na ulikuwa na dhambi kubwa ya biashara ya watumwa. Watu walijaa, taka zikatupwa ufukweni, vyoo vikawa mashimo tu, na visima vifupi vikachimbwa katikati ya hayo yote. Mwaka 1866 David Livingstone alikuta harufu ya mji kali kiasi cha kuubadilisha jina kwa kejeli, akaufanya "Stinkibar", yaani mji unaonuka. Maneno ya mgeni yanauma, lakini harufu ilikuwepo.

Kilichokuwa kibaya kuliko harufu ni kipindupindu. Kiliingia mwaka 1858 na 1859, kikarudi tena mwaka 1869 na 1870. Wakati huo alikuwepo mjini daktari wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa tabibu wa Sultani. Aliifuatilia safari ya maradhi yale tangu bara, pamoja na misafara hadi Pangani, kisha kuvuka bahari hadi Unguja, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu yake. Maelfu walifariki. Wakati ule wataalamu wengi wa Ulaya bado waliamini kuwa kipindupindu huenezwa na hewa chafu. Christie alikuwa miongoni mwa walioangalia ndani ya mtungi, wakauliza maji yametoka wapi.

Hebu fikirini, dada zetu, nani alikuwa akichota yale maji. Aliyebeba mtungi kichwani, aliyemnywesha mgonjwa, aliyefua shuka zake, kwa sehemu kubwa alikuwa mwanamke: mjakazi, mama, dada. Maji yakiwa machafu, mkono wa mwanamke ndio unaoyagusa mwanzo.

Maji ya Barghash

Sayyid Barghash bin Said alishika ufalme mwaka huohuo wa 1870, maradhi yakiwa bado hayajasahaulika. Watu wanamkumbuka kwa Beit el-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883. Sisi tunaona kazi yake kubwa zaidi ni ile isiyopigwa picha na watalii: kuyaleta mjini maji safi ya chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini ya mji. Hayo ndiyo yaliyoingia hata katika Hamamni, bafu za umma alizozijenga ndani ya mji, ambazo leo maharusi wengi wanakwenda kupiga picha.

Upande huohuo wa kaskazini, Mtoni, ndipo alipozaliwa dada yake, Sayyida Salme, mwaka 1844, katika kasri iliyopewa jina la mto uliopita hapo. Meli zilikuwa zikienda Mtoni kuchukua maji ya safari. Kwa hiyo wenyeji walijua siku nyingi wapi maji mazuri yapo. Alichofanya Barghash ni kuyasafirisha. Mpaka leo Unguja hatusemi bomba, tunasema mfereji: "funga mfereji", "maji ya mferejini".

Tazama lakini siri ya kazi ile. Hakuyasafisha maji ya visima vya mjini. Aliyafuata yalipokuwa bado masafi, mbali na mashimo ya vyoo, akayaleta yakiwa yamefunikwa. Kwa maneno ya bibi yetu, aliyapa harimu.

Jiwe letu linavuja

Kwa nini umbali una uzito hivi? Kwa sababu ya ardhi yetu. Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja, na sehemu nyingi za pwani, ni jiwe la matumbawe. Jiwe hilo lina matundu na nyufa, na pengine mapango yenye maji ndani kama lile la Mangapwani. Mchanga mzito huyachuja maji polepole, na vijidudu vingi hufa njiani. Jiwe lenye nyufa halichuji. Kinachomwagwa karoni leo kinaweza kuwa kisimani kabla ya muda mrefu.

Isitoshe, chini ya kisiwa maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wanakisia kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina mita kama 40 chini yake. Maana yake, ukiyavuta kwa pampu mpaka yakashuka mita 1, maji ya chumvi hupanda kwa mengi. Ndiyo maana visima vingine vya pwani vilivyokuwa vitamu zamani sasa vina chumvi. Hazina yetu ni nyembamba: inachafuliwa kwa juu na kuliwa kwa chini.

Na sisi tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar watu 1,303,569. Sensa ya 2022 ilituhesabu 1,889,773. Palipokuwa minazi na mikarafuu sasa pana nyumba, na kila nyumba ina shimo lake. Sheria ya maji ya mwaka 2006 ilituletea Mamlaka ya Maji, ZAWA, lakini hakuna mamlaka itakayosimama katika uwa wa kila mmoja wetu. Kipindupindu nacho hakijatusahau: kilirudi Zanzibar mwaka 1978, na mara nyingine kadhaa baada ya hapo. Mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba, nayo ilisaidia. Lakini chanjo humkinga mtu, haikingi kisima.

Maji yanayodanganya macho

Hapa tunazungumza hasa na wewe bibi harusi, kwa kuwa inshaAllah utakuwa mama.

Sote tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na ni kweli, kuchemsha huua vijidudu. Lakini kinyesi na mkojo vikioza ardhini huzaa pia kitu kiitwacho naitreti, ambacho huyeyuka katika maji. Hakina rangi, hakina harufu, na hakiondoki kwa kuchemshwa. Kinyume chake, maji yakipungua sufuriani, naitreti iliyobaki huwa nzito zaidi.

Mwaka 1945 daktari wa Iowa huko Marekani, Hunter Comly, alieleza habari ya watoto wachanga waliokuwa wakigeuka rangi ya buluu. Walikuwa wakinyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya visima vya mashambani vyenye naitreti nyingi. Naitreti iliizuia damu yao kubeba hewa sawasawa. Tangu hapo ndipo dunia ilipoanza kuweka mipaka, na leo Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 50 kwa lita moja. Walio katika hatari kubwa ni watoto wa chini ya miezi sita wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo. Subhanallah, ni sababu nyengine ya kumshukuru Mola kwa maziwa ya mama.

Sadaka yenye mpaka

Tunapenda sana sadaka ya kisima, na ina asili njema. Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake na kuuliza sadaka iliyo bora, aliambiwa ni maji, akachimba kisima kwa ajili yake. Na mwanamke aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika maji ni Bi Zubaida bint Jaafar, mke wa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Alipoona tabu ya maji waliyoipata mahujaji Makka, aliamuru uchongwe mfereji kupitia milimani, kwa mali yake mwenyewe. Ain Zubaida iliwanywesha mahujaji kwa zaidi ya miaka 1,000. Haikudumu kwa sababu ya pesa peke yake. Ilidumu kwa sababu ilijengewa mawe, ikafunikwa, na kila kizazi kikaitengeneza tena.

Kisima cha sadaka kilichochimbwa kando ya karo hakifanani na hicho. Nia ya mtoaji ni njema na Allah ndiye mwenye kulipa nia, lakini maji yale yanaweza kumdhuru yuleyule uliyekusudia kumsaidia.

Unapooneshwa nyumba yako

Yule mwenzetu alizungumza na mchumba wake kwa upole. Karo lilikuwa bado halijatumika. Walikubaliana kulihamishia kona ya mbali kabisa ya kiwanja na kulijengea ukuta na sakafu ya zege, na kisima wakiachie kufulia na kumwagilia maua. Maji ya kunywa watachukua mferejini na kuyachemsha. Aliogopa ataonekana mwenye makuu. Mama mkwe ndiye aliyemuunga mkono mwanzo.

Nawe uliza yafuatayo bila haya. Karo liko umbali gani na kisima, changu na cha jirani? Miongozo mingi inataka isipungue mita 30, na kwenye ardhi ya mawe iwe zaidi. Karo limejengewa au ni shimo tupu? Chini yake limekaribia maji? Mdomo wa kisima umeinuliwa na kufunikwa? Maji yamepimwa, hata kwa naitreti? Na kama kiwanja hakitoshi vyote viwili, muulizane na majirani kama mnaweza kuwa na kisima kimoja chenye harimu yake, badala ya kumi visivyo nayo.

Tunahesabu vitanda, makabati na seti za vyombo vinavyokwenda nyumba ya bibi harusi. Tuongeze na harimu katika orodha. Ndiyo pekee katika vyombo hivyo ambayo wajukuu watainywa.

Allah atujaalie maji yaliyo tohara, nyumba zenye utulivu, na kizazi chenye afya. Amin.