Nani alihesabu, nani alitangaza: waandishi wa nje na kura ya Congo ya 2018

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, kila uchaguzi wa nyumbani kuna neno halikosi: "wazungu wamesema." Watu wanabishana weee, mmoja akisema RFI imetangaza, basi, kimya. Mimi nataka tuulize wazungu hao walijuaje.

Tuanze 2006. Tarehe 30 Julai Congo ilipiga kura ya vyama vingi ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 40, wagombea urais 33. Tarehe 3 Julai, hata mwezi haujaisha kabla ya kura, mwandishi wa RFI Ghislaine Dupont alifukuzwa nchini. (Mama huyo aliendelea na kazi mpaka akauawa Kidal, Mali, Novemba 2013.) Mwaka 2009 redio yenyewe ikazimwa nchini, ikarudi 2010. Kwa hiyo yaliyotokea 2018 hayakuwa mapya.

Kura ya 2018 ilipigwa tarehe 30 Desemba. Kesho yake intaneti ikakatwa, na RFI nayo ikazimwa. Intaneti ilikaa karibu wiki 3 bila kurudi. Sisi tulio nje tunajua maana yake: unaandika WhatsApp kwa shangazi, alama inabaki moja tu. Siku chache baadaye Florence Morice wa RFI akanyang'anywa kibali cha kazi.

Tarehe 10 Januari 2019 CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu akifuata na 34.8 hivi. Siku 5 baadaye Financial Times la London, pamoja na RFI na TV5 Monde, wakatoa hesabu nyingine: Fayulu karibu asilimia 60. Hapo ndipo watu walisema wazungu wamefichua.

Lakini angalia vizuri. Hesabu zile zilikuwa mafungu mawili. Moja, walisema, ilivuja kutoka kompyuta za CENI. Nyingine ilikusanywa na wangalizi wa maaskofu wa CENCO, ambao waliweka watu karibu 40,000 nchi nzima. Hao walikuwa Wacongomani, walikaa kwenye vituo na kuandika namba zilizobandikwa ukutani. Gazeti lilifanya kazi kubwa ya kulinganisha, sikatai, na huenda lisingeweza kuandikwa Kinshasa bila mtu kuteseka. Ila kuhesabu kulifanywa na watu wetu, na majina yao hayako popote. Pengine ni heri hivyo. Mwandishi wa nje akiharibikiwa anapanda ndege. Sisi wa Kabeza tunazisikia zikishuka Kanombe kila siku. Aliyemtafsiria anabaki. Ndiyo sababu mimi, nikiombwa kutafsiri kambini, naanza kuuliza jina la nani litatoka na sura ya nani itaonekana.

Tena kuna mambo yaliyowapita kabisa. Huko Yumbi, tarehe 16 na 17 Desemba, wiki 2 kabla ya kura, watu wasiopungua 535 waliuawa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Kamera nyingi zilikuwa Kinshasa, na habari ilifika ikiwa imechelewa sana.

Na Beni. CENI iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi, ikitaja Ebola na usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakaachwa nje. Siku ya kura watu wa Beni hawakulala nyumbani: walipanga foleni, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi na masanduku waliyotengeneza, wakahesabu mbele ya wote. Picha zilizunguka dunia siku moja hivi, kisha macho yakarudi Kinshasa.

Mahakama ya Katiba ilikataa malalamiko ya Fayulu, na tarehe 24 Januari rais akaapishwa. Beni waliitwa kupiga kura ya kweli tarehe 31 Machi 2019, ya wabunge tu.