Urithi Unaopewa Jina la Akili: Mtaji wa Kitamaduni na Lugha ya Kufundishia Tanzania

Ada ilipofutwa katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania, hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kiliondoka kizuizi ambacho kila mzazi alikijua. Swali linalobaki ni gumu zaidi: mtoto akishaingia darasani, shule inamtarajia awe amekuja na nini kutoka kwao? Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika utafiti wao wa 1964 kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ufaransa, walionyesha kuwa si fedha tu iliyowatenganisha watoto wa wenye nafasi na watoto wa wafanyakazi. Kulikuwa pia na namna ya kusema, mazoea ya vitabu, na wepesi wa kujiona mwenyeji mbele ya mwalimu. Urithi huu, ambao Bourdieu aliuita mtaji wa kitamaduni, una nguvu kwa sababu hautambuliwi kuwa urithi. Shule hudai kitu isichokifundisha vya kutosha, kisha humsifu aliyekipata nyumbani kwamba ana akili.

Nchini Tanzania dhana hii haionekani wazi popote kama katika lugha ya kufundishia. Tangu 1967, Kiswahili ndicho lugha ya shule za msingi za serikali. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike hadi sekondari, lakini serikali haikutekeleza. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia. Walimu wamelijibu tatizo hilo kwa hekima ya kila siku: ubaoni wanaandika Kiingereza, kwa mdomo wanaeleza Kiswahili. Mtihani wa kidato cha nne hauna huruma hiyo. Mwanafunzi aliyeelewa usanisinuru kwa Kiswahili anaandikiwa sifuri sawa na asiyeuelewa kabisa, huku aliyelipiwa miaka saba ya shule ya mchepuo wa Kiingereza akipimwa kwa lugha aliyonunuliwa mapema. Matokeo yanapotangazwa, ni watoto wanaopangwa kwa madaraja. Mfuko wa mzazi hautajwi popote.

Wapo wanaosema watoto wa wakulima hufaulu pia. Ni kweli, na juhudi zao zinastahili heshima. Lakini wachache hao ndio wanaofanya mchujo uonekane wa haki, na wenzao walioanguka wakaamini kuwa kosa ni lao. Pingamizi zito zaidi ni hili: Kiswahili kikichukua nafasi, matajiri watabaki na Kiingereza na maskini watafungiwa nje ya ajira na vyuo vya kigeni. Hofu hii ni ya haki, na mzazi anayeitoa haoni vibaya. Hata hivyo inachanganya kujifunza Kiingereza na kujifunza kwa Kiingereza. Mpango wa sasa umemnyima mtoto maskini vyote viwili, kwani hutoka shuleni bila lugha na bila fizikia. Kiswahili kikifundishia, Kiingereza kinahitaji kupewa walimu waliobobea na vipindi vya kutosha kama somo, tangu msingi. Hilo lina gharama, na gharama hiyo ndiyo mjadala wa sera unayoikwepa kila unapozungumzia utandawazi.