Upepo, Mabega na Dizeli: Nishati ya Kusafirishia Chakula katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

1.0 Utangulizi

Mijadala kuhusu uhaba wa chakula Cabo Delgado huzingatia mavuno, vita na misaada. Nishati inayohitajika kukifikisha chakula kwa mlaji hutajwa kwa nadra. Makala haya yanadai kwamba historia ya pwani iliyo kati ya Pemba na mto Ruvuma ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nishati tatu: upepo, misuli ya binadamu na dizeli. Kila nishati ilipobadilika, ilibadilika pia maana ya karibu na mbali.

2.0 Upepo

Wenyeji wa pwani hiyo hujiita Wamwani, yaani watu wa pwani, na lugha yao ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Safari zao zilifuata pepo mbili: kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, uliovipeleka vyombo kusini, na kusi, takriban Aprili hadi Septemba, uliovirudisha kaskazini. Enzi za Wareno, Visiwa vya Kerimba vilipeleka nafaka na mifugo hadi Kisiwa cha Msumbiji, makao makuu ya utawala wao, kwa nguvu ya tanga pekee. Gharama yake ilikuwa subira, kwani shehena ilingoja msimu. Wala bahari haikuwa salama daima. Mwanzoni mwa karne ya 19 wavamizi kutoka Madagaska walivishambulia visiwa hivyo mara kadhaa.

3.0 Mabega

Kuelekea bara, hali ilikuwa tofauti. Chini ya Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati ya kutawala mwaka 1891 na kumaliza muda wake mwaka 1929, mizigo mingi ilibebwa na wapagazi, wengi wao kwa kulazimishwa. Vita Kuu ya Kwanza vilidhihirisha udhaifu wa nishati hiyo. Novemba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, na Waingereza wakashusha vikosi Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Hesabu ni nyepesi: mpagazi akibeba kilo 25 na kula kilo 1 kwa siku, safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi humeza kilo 20. Chakula kilijisafirisha kwa kujila chenyewe, na pengo likazibwa kwa nafaka za wanavijiji.

4.0 Dizeli

Lori liliondoa mzigo mabegani, lakini likaleta utegemezi mpya. Kwa mstari ulionyooka, Pemba na Mocímboa da Praia zimetengana kwa takriban kilomita 180. Barabara, inayoingia bara na kupitia Macomia, ni ndefu karibu mara mbili. Dizeli yote huagizwa kutoka nje ya nchi. Tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, barabara hiyo imekatika mara kwa mara, na malori yamelazimika kuzunguka kupitia Montepuez na Mueda. Kila mzunguko huongeza mafuta, na mafuta huongeza bei ya unga. Wakati huohuo, Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi kimiminika ya Coral Sul ilisafirishwa ng'ambo kutoka bahari ileile.

5.0 Hitimisho

Haipendekezwi hapa kurejea enzi za tanga. Upepo haungoji mwenye njaa. Hata hivyo, Oktoba 2020 maelfu ya wakimbizi walifika ufuo wa Paquitequete, Pemba, kwa vyombo vidogo vya baharini. Njia ambayo mipango ya uchukuzi iliisahau ndiyo iliyookoa watu. Kwa hiyo, tathmini za usalama wa chakula zipime lita za mafuta kwa kila tani inayofika, si kilomita pekee. Magati madogo na usalama wa vyombo vya pwani vihesabiwe kuwa miundombinu ya chakula. Na maarifa ya manahodha wa Kimwani kuhusu pepo na mikondo yakusanywe kwa lugha yao, kabla hayajatawanyika pamoja na wenyewe.